Ramani za marubani: Nani alipie usalama wa anga ya Mlima Kenya?

SWALI la iwapo rubani wa ndege ya abiria anafaa kutoa pesa mfukoni ili apate ramani za kisasa, taarifa za viwanja na programu za kuombea zamu za kazi huenda likaonekana kuwa mzozo wa watu wachache wenye mishahara minono. Kwa mwananchi anayeamkia kuchuma majani chai Othaya au kufungua duka mjini Karatina, hayo ni mambo ya Nairobi na ya ng'ambo.

Hata hivyo, wakazi wa Nyeri, Nanyuki, Meru na Embu wana sababu ya kulifuatilia suala hili kwa makini kuliko Wakenya wengi. Anga iliyo juu ya mashamba yao si anga rahisi. Upande mmoja umesimama Mlima Kenya, ambao kilele chake cha Batian hufika mita 5,199. Upande wa pili kuna safu ya Aberdare, ambayo kilele chake cha Lesatima hufika takriban mita 4,000. Mji wa Nyeri umekaa katikati, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800.

Ndege ndogo zinazoondoka uwanja wa Wilson, Nairobi, hupita kando ya milima hiyo zikipeleka watalii na wafanyabiashara Nanyuki, Lewa, Samburu na Meru. Usalama wa abiria hao hutegemea mambo matatu makuu: ndege iliyo nzima, rubani aliyepumzika, na taarifa sahihi.

Mawili ya mwisho sasa yamegeuzwa bidhaa. Taarifa huuzwa kwa ada ya kila mwaka, na hata nafasi ya kujipangia mapumziko huuzwa kupitia programu za kuombea zamu. Hapo ndipo mjadala unapoanzia: je, bidhaa hizo ni za lazima? Na ikiwa ni za lazima, nani azilipie?

KUMBUKUMBU CHUNGU

Eneo hili halijasahau Jumamosi ya Julai 19, 2003. Ndege ndogo ya kukodishwa iliyokuwa ikitoka Nairobi kuelekea Samburu iligonga Mlima Kenya karibu na kilele cha Lenana, chenye kimo cha mita 4,985. Watu wote 14 walifariki: watalii 12 Wamarekani, wengi wao wa familia moja, na marubani wawili wa Afrika Kusini. Shughuli ya kuopoa miili ilitatizwa na kimo pamoja na hali ya hewa.

Miaka 15 baadaye, mnamo Juni 5, 2018, msiba ulihamia mlima wa pili. Ndege aina ya Cessna Caravan ya kampuni ya FlySax, iliyokuwa ikitoka Kitale kwenda Nairobi, ilitoweka jioni ikiwa na abiria wanane na marubani wawili. Waokoaji walisumbuliwa na ukungu na mvua, na mabaki yakapatikana Juni 7 katika safu ya Aberdare, upande wa Njabini. Hakuna aliyenusurika.

Haitakuwa haki kudai kwamba ramani bora zaidi ingeokoa maisha ya watu hao 24. Ajali ya ndege huwa na sababu nyingi zinazofuatana kama shanga katika uzi, na ramani ni shanga moja tu. Lakini visa hivyo viwili vina mambo yanayofanana ambayo mchunguzi yeyote hawezi kuyapuuza. Vyote vilitokea kati ya Juni na Julai. Vyote vilihusu ndege ndogo za kibiashara. Na katika vyote viwili, kilichoua ni mlima ambao haujasogea hata hatua moja tangu ramani ya kwanza ya nchi hii ichorwe.

MLIMA HAURUKWI OVYO

Abiria wengi hudhani kuwa rubani akiuona mlima mbele yake hupanda juu zaidi na kuuvuka. Kwa ndege kubwa zinazokwenda Ulaya hilo ni kweli. Kwa ndege ndogo ambazo chumba chake hakishindiliwi hewa, mambo ni tofauti.

Kanuni za Shirika la Kimataifa la Safari za Anga (ICAO) zinataka hewa ya oksijeni iwepo ndegeni pale chombo kinapokaa kwa muda juu ya kimo cha takriban mita 3,000, na itumike wakati wote kinapopita karibu mita 4,000. Kwa hiyo ndege ya watalii isiyo na mitungi ya kutosha haiwezi kuivuka Batian kwa juu. Lazima izunguke.

Kuzunguka nako kunahitaji kujua hasa ulipo. Rubani anayetoka Wilson kwenda Nanyuki hupita katika pengo lililo kati ya Aberdare na Mlima Kenya. Siku ya anga safi, pengo hilo huonekana wazi, na rubani mgeni anaweza kulipita bila kugusa ramani. Siku ya mawingu, milima yote miwili hupotea, na kosa dogo la mwelekeo linaweza kuipeleka ndege kwenye mwamba.

Aidha, mwinuko wenyewe hupunguza nguvu za ndege. Uwanja wa Nanyuki uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Jua la mchana likichomoza, ndege huhitaji njia ndefu zaidi ya kukimbilia na hupanda polepole. Hesabu hizo hazikisiwi. Hutolewa kwenye vitabu na majedwali. Tena mji huo una kambi ya jeshi la anga ya Laikipia, kwa hivyo rubani wa kiraia hana budi kujua mipaka na masafa ya redio kabla hajaondoka.

Kwa ufupi, hakuna mtaalamu anayebisha kwamba rubani wa eneo hili anahitaji taarifa. Ubishi uko kwenye neno moja: kununua.

BIASHARA ILIYOANZA NA DAFTARI

Biashara ya kuwauzia marubani taarifa ina umri mkubwa. Ilianzishwa nchini Marekani na Elrey Jeppesen, rubani wa ndege za barua, wakati ambapo kazi hiyo ilikuwa ikiua vijana wengi. Alianza kuandika katika daftari vimo vya vilima, urefu wa viwanja na alama za njiani. Wenzake walipoliona daftari hilo walilitaka, na mwaka 1934 akaanza kuuza nakala kwa dola 10.

Daftari hilo likakua na kuwa kampuni ambayo ramani zake hutumiwa na mashirika ya ndege kote duniani. Boeing iliinunua mwaka 2000, na mwaka 2019 ikanunua pia ForeFlight, kampuni ya programu za marubani. Aprili 2025, Boeing ilitangaza kuuza sehemu kubwa ya biashara yake ya kidijitali, zikiwemo kampuni hizo mbili, kwa Thoma Bravo kwa dola bilioni 10.55. Kiasi hicho kinaonyesha kuwa taarifa za rubani si jambo dogo tena. Ni mali ambayo matajiri wa dunia huigombania.

Katika eneo la Mlima Kenya, njia ilikuwa tofauti. Miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, ndege za Harvard za jeshi la Uingereza ziliruka kutoka Mweiga, karibu na Nyeri, kushambulia misitu ya Aberdare na Mlima Kenya. Wazee wa Nyeri huzikumbuka kwa mabomu. Marubani wake walilazimika kulijua kila bonde kwa macho, kwani walikuwa wakiruka chini katikati ya milima.

Elimu ya namna hiyo, ya kulijua bonde kwa jina na ukungu kwa saa yake, bado ina thamani kubwa. Marubani waliozoea anga ya Nanyuki huijua bila kufungua kitabu. Tatizo ni kwamba haiandikwi popote, na mwenye nayo akistaafu huondoka nayo.

SHERIA YASEMAJE?

Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao ndio msingi wa safari za anga duniani, huitaka kila nchi itoe taarifa za viwanja, njia za anga na vizuizi. Kiambatisho cha 15 cha mkataba huo kinahusu taarifa hizo, cha 4 kinahusu ramani, na cha 3 kinahusu hali ya hewa. Tangu 1964 kumekuwa na utaratibu wa kimataifa wa kufanya mabadiliko makuu kwa tarehe zilizopangwa, kila baada ya siku 28, ili rubani wa Nyeri na yule wa London wasome jambo moja kwa wakati mmoja.

Nchini Kenya jukumu hilo liko mikononi mwa Mamlaka ya Safari za Angani (KCAA), ambayo hutoa kitabu cha taarifa za anga pamoja na ilani za muda kwa marubani. Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga hutoa taarifa za mvua, mawingu na upepo.

Sera ya ICAO kuhusu ada inakubali kwamba gharama za kukusanya na kutayarisha taarifa hizo ziingizwe katika ada za viwanja na za uongozaji wa ndege. Maana yake ni kwamba kila ndege inapolipa ada za kuongozwa angani, imekwisha kuchangia kazi ya kuandaa taarifa. Abiria naye amechangia kupitia tikiti yake.

Hapa ndipo hoja ya wanaopinga ununuzi inapopata nguvu. Ikiwa dola inalazimika kutoa taarifa za msingi, na ikiwa gharama yake imekwisha kulipwa na mwenye ndege na abiria, kwa nini rubani alipe tena kampuni ya ng'ambo ili aipate taarifa ile ile ya uwanja wa Nanyuki katika umbo la kupendeza zaidi?

UMBO NALO NI USALAMA

Wanaounga mkono programu za kulipia wana jibu, na si jibu la kupuuzwa. Wanasema kwamba katika ndege umbo la taarifa ni sehemu ya usalama.

Rubani wa ndege ndogo mara nyingi hana msaidizi. Mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine kwenye redio, na macho yanatafuta mlima. Akilazimika kupekua kurasa za kitabu kikubwa ili apate masafa ya redio, macho huondoka nje kwa sekunde nyingi mno. Tabuleti inayoonyesha ndege ilipo juu ya ramani, na kugeuza rangi kuwa nyekundu pale ardhi inapokuwa juu kuliko ndege, hupunguza kazi hiyo sana.

Pia kuna uzito. Mwaka 2013, shirika la American Airlines lilipokamilisha kuwapa marubani wake tabuleti, kila mmoja aliachana na mkoba wa karatasi wa takriban kilo 16. Kwa ndege ndogo inayoondoka Nanyuki mchana wa jua kali, kila kilo ina maana.

Hoja ya tatu ni upya wa taarifa. Rubani anayerekebisha kitabu kwa mkono, karatasi baada ya karatasi kila siku 28, anaweza kusahau moja. Programu hujirekebisha yenyewe pindi inapopata intaneti, mradi ada imelipwa.

Na hilo la mwisho ndilo kovu la mfumo mzima. Ada isipolipwa, ramani huzeeka kimyakimya. Picha hubaki pale pale kwenye kioo, ikiwa na rangi zake zote, lakini ukweli wake umepungua. Karatasi iliyochakaa hujulikana kwa mikunjo. Tabuleti iliyochakaa kwa taarifa hung'aa kama mpya.

VYA KULIPIA NAVYO HUKOSEA

Wapo wanaoamini kuwa chombo cha ghali hakikosei. Historia inawapinga.

Desemba 20, 1995, ndege ya American Airlines iligonga mlima karibu na Cali, Colombia. Watu 159 walikufa na wanne wakanusurika. Marubani walikuwa wameingiza herufi moja, R, kwenye kompyuta ya ndege, wakitarajia kupelekwa kituo cha Rozo kilichokuwa karibu. Kompyuta ikachagua kituo kingine cha mbali, kilicho karibu na Bogotá, na ndege ikageuka kuelekea milimani. Kituo cha Rozo kilionyeshwa kwa njia moja kwenye ramani na kwa njia nyingine ndani ya kompyuta.

Mwaka 2000, mahakama ya Miami iligawa lawama: asilimia 75 kwa shirika la ndege, asilimia 17 kwa Jeppesen iliyotayarisha taarifa, na asilimia 8 kwa Honeywell iliyotengeneza kompyuta. Kwa maneno mengine, mahakama ilisema muuzaji wa taarifa ana dhima, lakini dhima kubwa inabaki kwa anayeziendesha ndege.

Mwezi Aprili 2015, safari kadhaa za American Airlines zilicheleweshwa kwa sababu programu ya ramani kwenye tabuleti za marubani ilijifunga. Chanzo kilikuwa nakala mbili za ramani ya uwanja mmoja wa Washington. Hakuna aliyeumia, kwani ndege zilikuwa chini. Somo, hata hivyo, lilikuwa wazi: chombo kimoja kikiwa tegemeo la wote, hitilafu moja huwasimamisha wote.

Kwa rubani wa Mlima Kenya, somo hilo lina uzito zaidi. Tabuleti iliyoachwa juani huzimika kwa joto. Betri huisha. Intaneti hukatika mara tu mji unapobaki nyuma. Ndiyo maana mkoba wa kielektroniki hauwezi kuingizwa ndegeni kiholela. Kampuni hutarajiwa kuwa na utaratibu ulioidhinishwa na mamlaka, pamoja na njia mbadala chombo kinapokufa.

ZAMU ZA KAZI, MZIGO MWINGINE

Bidhaa ya pili inayozungumziwa ni programu za kuombea zamu. Katika mashirika makubwa ya Marekani, kampuni hutoa orodha ya safari za mwezi ujao, naye rubani hutaja anazopendelea na siku anazotaka kupumzika. Kompyuta hugawa, na mwenye miaka mingi kazini hutangulizwa. Kwa kuwa maombi hayo yamekuwa na kanuni nyingi, zimezuka kampuni zinazowauzia marubani programu za kuwasaidia kuomba kwa ujanja zaidi.

Mfumo huo nao una visa vyake. Mwishoni mwa 2017, hitilafu ya kompyuta katika American Airlines iliwaruhusu marubani wengi mno kuchukua likizo ya Desemba. Chama chao kilisema safari zaidi ya 15,000 zilibaki bila rubani, na kampuni ikalazimika kutoa malipo ya ziada ili kuziba pengo. Julai 2022 kosa jingine likawaruhusu marubani kuziacha safari zaidi ya 12,000 kabla halijarekebishwa.

Je, programu kama hizo zina maana kwa marubani wa Wilson na Nanyuki? Kwa sehemu kubwa, hapana. Kampuni yenye marubani 10 au 20 haihitaji kompyuta ya kupiga kura. Inahitaji meneja mwenye ubao, penseli na haya. Rubani anayemjua kila mwenzake anaweza kubadilishana naye zamu kwa simu moja, mradi ofisi ikubali na sheria ya mapumziko iheshimiwe.

Hata katika shirika la taifa, historia ya migogoro haionyeshi kwamba programu ndiyo inayokosekana. Marubani wa Kenya Airways walipogoma Novemba 2022 na kuwakwamisha maelfu ya abiria, mzozo mkuu ulikuwa kuhusu michango ya hazina yao ya uzeeni. Hakuna programu ya zamu inayotatua suala la uzeeni, wala ya mishahara, wala ya idadi ya marubani.

Idadi ndiyo kiini cha jambo. Programu hugawa mapumziko yaliyopo. Haiumbi mapumziko mapya. Ikiwa kampuni ina marubani wachache kuliko safari, ujanja wa kuomba humhamishia mwenzako uchovu, lakini uchovu wenyewe haupungui hata kwa saa moja. Isitoshe, rubani anayetafuta posho anaweza kuitumia programu hiyo hiyo kujirundikia kazi. Ndiyo maana nchi huweka ukomo wa saa. Barani Ulaya, kwa mfano, rubani haruhusiwi kupita saa 100 angani katika siku 28, wala saa 900 katika mwaka. Kenya nayo ina kanuni zake za saa za kazi, na hizo ndizo kinga, si programu.

MSIMU WA WATALII, MSIMU WA UKUNGU

Kuna jambo moja ambalo mijadala ya ng'ambo haiwezi kulitaja, kwa kuwa ni la hapa. Msimu wa watalii hushika kasi kuanzia Julai, nyumbu wanapohamia Maasai Mara na shule za Ulaya na Marekani zinapofungwa. Ni wakati huo ambapo ndege ndogo hujaa na marubani huruka sana.

Lakini Julai na Agosti ndiyo miezi ya baridi mjini Nyeri. Mkazi wa mji huo anajua jinsi ukungu unavyoweza kutanda asubuhi hadi mchana, manyunyu yakianguka bila radi, na mlima usionekane kwa siku kadhaa. Kwa hiyo miezi ambayo rubani ana kazi nyingi zaidi hukutana na miezi ambayo mlima hujificha zaidi.

Hapo ndipo ramani na zamu, mambo mawili yanayoonekana kuwa tofauti, hukutana katika mwili wa mtu mmoja. Rubani aliyechoka huisoma ramani vibaya, hata iwe imelipiwa. Rubani aliyepumzika lakini hana taarifa ya mawingu hubahatisha, na mlimani kubahatisha kumewahi kuua.

ANAYEUMIA NI KIJANA

Gharama ya bidhaa hizi haiwalemei wote sawasawa. Rubani mkuu wa shirika kubwa hupewa tabuleti na ramani na mwajiri wake. Anayelemewa ni kijana aliyetoka chuoni.

Kanuni za kimataifa humtaka mwanafunzi awe na angalau saa 200 za kuruka kabla hajapata leseni ya kibiashara, au 150 ikiwa amesoma katika mpango ulioidhinishwa. Leseni ya juu kabisa hudai saa 1,500. Kila saa hulipiwa. Si ajabu kwa familia ya Mathira au Tetu kutumia akiba ya kahawa, au hata kuuza kipande cha shamba, ili mtoto aruke saa hizo.

Akiisha kupata leseni, kijana huyo hukutana na ada nyingine ambazo huandikwa kwa dola. Tuseme ada ya mwaka ni dola 300. Mapema 2022, dola ilipokuwa karibu Sh113, hizo zilikuwa kama Sh34,000. Januari 2024, dola ilipokaribia Sh160, ada ile ile ilifika Sh48,000 bila kampuni kuongeza hata senti. Shilingi ilipopata nguvu baadaye mwaka huo na dola ikashuka hadi takriban Sh129, ada ikarudi karibu Sh39,000. Usalama wa abiria wa Nanyuki haufai kupanda na kushuka pamoja na dola.

Kishawishi kinachofuata kinaeleweka hata kama hakikubaliki: kutumia akaunti ya rafiki, au kuiacha ramani ya mwaka jana kwenye tabuleti na kuomba Mungu. Hilo ni kosa la rubani. Lakini pia ni kosa la mfumo unaomwachia mwenye kipato cha chini kabisa mzigo wa kununua kitu ambacho abiria wote hukitegemea.

KINACHOKOSEKANA HAKIUZWI

Ukichunguza kwa undani, utaona kwamba pengo kubwa la anga ya Mlima Kenya haliko kwenye ramani. Milima inajulikana, viwanja vinajulikana. Kisichojulikana kwa rubani aliyeko Wilson saa moja asubuhi ni iwapo pengo la Nyeri liko wazi saa hiyo.

Idara ya hali ya anga ina vituo Nyeri, Meru na Embu, na kazi yake ni ya kuheshimiwa. Lakini vituo hivyo viko mijini, ilhali mawingu yanayoficha miamba hukaa juu kwenye misitu na vilele. Programu ya ghali haiwezi kuuza kipimo ambacho hakijachukuliwa. Itaonyesha picha ya setilaiti na makadirio ya kompyuta, na rubani atayaamini kwa kuwa yana rangi.

Jimbo la Alaska nchini Marekani lilikuwa na tatizo kama hilo: milima, ndege ndogo na mawingu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, mamlaka ya anga ya nchi hiyo imekuwa ikiweka kamera katika mapengo ya milima na viwanja vya mbali, na leo ziko katika maeneo zaidi ya 200 jimboni humo. Rubani huangalia picha za pengo analokusudia kupita kabla hajawasha injini. Halipi chochote.

Kamera chache katika pengo la Nyeri, upande wa Njabini, Naro Moru na Timau zingeweza kumfaa rubani wa kila kampuni, tajiri na maskini, pamoja na walinzi wa misitu na wapanda mlima. Safari za anga ni jukumu la serikali kuu kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Hata hivyo, kaunti za Nyeri, Laikipia, Meru, Kirinyaga na Embu hunufaika na watalii wanaoshuka kutoka ndege hizo, na hazina sababu ya kukaa kando wakati wa kuutetea mradi kama huo.

NJIA YA KATI

Mjadala huu hautatuliwi kwa kusema kila kitu kilipiwe au kila kitu kiwe bure. Unatatuliwa kwa kutenganisha aina tatu za mahitaji.

Aina ya kwanza ni taarifa ambayo bila hiyo ndege haifai kuondoka: vimo vya milima, mipaka ya anga, masafa ya redio, ilani na hali ya hewa. Hiyo ni haki ya umma. Marekani huziweka ramani zake rasmi za kidijitali wazi kwa yeyote. KCAA ingeweza kumhakikishia kila mwenye leseni ya Kenya nakala ya kidijitali iliyo safi, inayosomeka kwenye simu ya kawaida na inayorekebishwa kila siku 28. Taarifa ya dola ikiwa rahisi kutumia, hitaji la kununua litapungua lenyewe.

Aina ya pili ni chombo ambacho kampuni yenyewe imekiandika katika mwongozo wake wa kazi. Ikiwa mwongozo unasema rubani ataruka kwa tabuleti yenye programu fulani, basi hiyo ni zana ya kazi kama propela na matairi. Mwajiri ndiye wa kuilipia, na mkaguzi anapofika anafaa kuuliza tarehe ya mwisho ya malipo kama anavyouliza tarehe ya ukaguzi wa injini.

Aina ya tatu ni starehe: daftari la kielektroniki la saa, picha za kupendeza, na ujanja wa kuomba zamu. Hapo rubani na anunue akitaka, kama anavyonunua miwani ya jua. Asilazimishwe, wala asionekane duni kwa kutokuwa nayo.

Mgala muue na haki yake umpe. Kampuni zinazouza programu hizi zimeokoa muda wa marubani wengi na pengine maisha ya wengi. Lakini hazikuanzishwa ili zichukue nafasi ya serikali, na hazijawahi kudai hivyo. Zinauza pale zinapoona pengo.

Abiria anayepanda ndege Wilson kwenda Nanyuki hana njia ya kujua kama ramani iliyo mbele ya rubani wake ni ya mwezi huu au ya mwaka jana, wala kama rubani huyo alilala saa nane au saa nne. Analipa nauli na kuamini. Deni la imani hiyo haliwezi kuachiwa kadi ya benki ya kijana aliyemaliza chuo juzi. Linamhusu mwajiri wake, na linaihusu mamlaka iliyompa leseni.